Injini Inakimbia, Gari Imebaki: Namna ya Kuitambua Klachi Inayoteleza

Mhariri ameniomba niandike "kitu cha ufundi", kwa sababu watu wakisikia unasoma uhandisi wanadhani unatengeneza magari. Utafiti wangu mimi ni wa namna joto linavyosafiri ndani ya vyuma, na mpaka mwaka juzi nilikuwa sijawahi kufungua hata nati moja karibu na giaboksi. Haya ninayoandika nimejifunza kwa kuaibika, na aibu yenyewe ilinikuta kwenye haiwei namba 45, kati ya Dallas na Houston, nikiwa na abiria watatu tunaokwenda kuhani msiba.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili linatuhusu sisi kuliko wenyeji. Wamarekani wengi wa rika letu hawajawahi kukanyaga pedali ya tatu, kwa hiyo gari kuukuu ya klachi hapa Texas haina wanunuzi wengi. Sisi tuliojifunzia gari Mwenge, Nakuru au Jinja tunaiona kama embe lililoanguka lenyewe. Tunainunua haraka, na hapo ndipo tunaponunua pia ugonjwa wa mwenzetu. Na huku gari si anasa. Arlington, mji wa watu karibu laki nne ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya kawaida ya njia kama tunavyoyajua. Unaita kigari kwa simu na kusubiri. Gari ikilala, umekosa maabara, duka na ibada kwa pamoja.

Yangu ni ya mwaka 1999, milango miwili, injini ya 1.6, gia tano, na niliinunua ikiwa na maili 168,000. Wiki mbili kabla ya safari ile nilianza kuona imekuwa nzito, hasa jioni nikitoka kazini. Nikajitibu mwenyewe: plagi mpya, chujio la hewa, chujio la mafuta. Dola 140 zikaondoka. Asubuhi ikawa inakwenda vizuri, nikajipongeza. Siku ya safari, mchana wa Agosti, joto kama nyuzi 38, tulipopita Madisonville vikaanza vile vilima vidogo vya kuelekea Huntsville. Nikakanyaga mafuta. Injini ikalia, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini mwendo ukabaki pale pale maili 60 kwa saa, kisha ukaanza kushuka. Malori yakatupita. Mmoja wa abiria, dada wa Kisumu, akauliza kwa upole, "Hii gari iko sawa kweli?" Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba injini imechoka kwa joto.

Tulifika. Kwenye msiba alikuwepo mzee mmoja anayeishi Houston miaka mingi, ambaye zamani aliendesha malori ya Dar es Salaam hadi Zambia. Baada ya chakula nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kile kigari chekundu? Mbona kimeingia hapa kinanuka?"

Nikamweleza habari za plagi. Hakunijibu, akachukua kofia yake tukatoka kwenda kuijaribu kwenye barabara ya pembeni ya haiwei. Akaniambia niweke namba tano nikiwa na maili 40 tu, halafu nikanyage mpaka chini. Injini ikalia kama ile ya Huntsville.

"Umesikia? Injini inakimbia, gari imebaki. Plagi ikifa, mwanangu, injini na gari vinachoka pamoja. Hapa kimoja kinakimbia, kingine kimelala. Sisi Kitonga tulikuwa tunaijua klachi kwa pua kabla ya sikio."

Kwa msiofika huko, Kitonga ni ule mlima wa kona kali kabla ya kufika Iringa ukitokea Dar, na lori lenye klachi dhaifu linaumbuka pale mbele ya watu wote. Houston haina Kitonga. Houston ni tambarare kama meza, na klachi mbovu inaweza kuishi humo miezi bila kujulikana, mpaka siku ukipanda rampu ndefu ya juu.

Maneno yale ya mzee ndiyo kipimo chenyewe, na nitayafafanua kwa hesabu kidogo. Msiogope.

Ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye klachi, injini na magurudumu vimefungwa pamoja. Gari yangu ikiwa namba tano kwa maili 60, injini huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Basi kwa maili 40 lazima iwe 2,000, na kwa maili 70 lazima iwe 3,500. Hakuna namba nyingine inayowezekana, hata ukanyage mafuta namna gani, hata ukiwa mlimani. Siku ambayo gari yako ni nzima, andika namba zake kwenye karatasi uweke chini ya kiti. Siku ukikanyaga kwa maili 40 na mshale ukaruka kutoka 2,000 hadi 2,800 huku mwendo ni ule ule, ile 800 iliyozidi inapotea mahali pamoja tu, nayo ni klachi. Ukiona mshale haupandi na mwendo haupandi, hapo ndipo uende kwenye plagi, mafuta na hewa kama nilivyofanya mimi kwa makosa. Na ukihisi gari inavutwa nyuma, weka gia huru kwenye barabara tupu uiache iserereke. Ikisimama upesi na rimu moja ina moto kuliko nyingine, ni breki iliyong'ang'ania.

Kwa nini namba tano, na si namba moja? Wengi wetu tulifundishwa kipimo cha hendibreki: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, pandisha injini kidogo, achia klachi taratibu. Injini ikizima, wanasema klachi nzima. Mimi nilikifanya kile kipimo kwenye maegesho ya nyumbani, injini ikazima vizuri, ndiyo maana nikakimbilia plagi! Kumbe kipimo kile kinathibitisha kifo tu. Injini isipozima, klachi imekwisha kabisa. Ikizima, bado hujajua chochote kuhusu klachi iliyoanza kuugua. Na usikirudierudie, kwa sababu kila mara unachoma kilichobaki. Wala usikifanye ukiwa umeelekea ukuta au mtu.

Ndani ya klachi kuna disiki yenye ukaya pande zote mbili, imebanwa katikati ya flaiwili na presha pleti. Kinachobana ni springi kubwa yenye umbo la sahani. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi, mbano unaachia, disiki inakuwa huru. Nguvu ya kuzungusha ambayo klachi inaweza kubeba inategemea mbano, msuguano, upana wa disiki, na zile pande mbili. Tuchukue namba za mfano kwa gari ndogo: mbano nyutoni 4,000, msuguano 0.3, wastani wa nusu kipenyo sentimita 9. Zidisha mara mbili kwa ajili ya pande mbili, unapata nyutoni-mita 216. Injini ndogo kama yangu hutoa kama 140. Kwa hiyo klachi nzima ina akiba kubwa.

Sasa mafuta ya injini yakivuja yakaingia kwenye disiki, msuguano ukashuka nusu, klachi inabeba 108. Itateleza karibu kila ukikanyaga kwa nguvu. Lakini chukua hali nyingine: kitu fulani kimepunguza mbano hadi nyutoni 2,500. Klachi inabeba 135. Ukiendesha kwa upole mjini, injini haifiki huko, huoni kitu. Ukikanyaga mpaka chini katika gia ya juu, injini inatoa 140 na inaendelea kuitoa kwa sekunde nyingi, maana gari haiwezi kuongeza mwendo haraka. Hapo ndipo inateleza. Katika gia ya kwanza gari inaruka mbele upesi, sehemu ya nguvu inaishia kuiharakisha injini yenyewe, na kabla hujatambua umeshabadilisha gia. Ndiyo sababu ugonjwa huanzia kuonekana namba tano na namba nne, kisha unashuka ngazi hadi siku gari inashindwa kuondoka kwenye taa.

Na ile harufu? Klachi inayoteleza kwa mizunguko 800 huku ikibeba nguvu ya 135 inageuza karibu kilowati 11 kuwa joto. Ni kama pasi kumi na moja za umeme zimewashwa ndani ya sufuria moja yenye kifuniko. Disiki inaungua, uso wake unakuwa laini kama kioo, na baada ya hapo hata mbano ukirudi msuguano hauwi ule wa zamani. Kwa hiyo ukishaijua, acha kuijaribu. Jaribio moja au mawili yanatosha, kwenye barabara isiyo na watu nyuma yako. Kule Dallas jamaa wanapenda kutumia rampu za High Five, ile makutano ya ngazi tano ya barabara ya 75 na 635 iliyokamilika mwaka 2005. Mimi siwashauri: ukikwama juu kule huna pa kwenda. Mwinuko wowote wa barabara ya pembeni unafaa. Kwa Houston vivyo hivyo, msiende kujaribia kwenye daraja la Fred Hartman la Baytown eti kwa sababu ndiyo mlima pekee.

Turudi kwenye kigari changu. Jumamosi ile ile nilikipeleka kwenye gereji moja. Walikiendesha dakika mbili, wakaandika: klachi nzima, dola 1,350. Sikuwalaumu, maana ilikuwa inateleza kweli. Lakini kwa visa ya mwanafunzi tunaruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa masomo, na mimi nalipwa dola 12 na nusu kwa saa. Hizo ni wiki tano na zaidi za kazi bila kula. Nikampigia mzee simu. Akasema, "Kabla hujatoa pesa, tuangalie juu. Chini tutakwenda baadaye."

Kuangalia juu maana yake ni pedali. Bonyeza pedali ya klachi kwa mkono, si kwa mguu. Mwanzoni lazima kuwe na nafasi ndogo ya bure, mafundi wanaita plei, ambapo pedali inashuka bila kusukuma kitu. Kwenye gari nyingi za waya ni kama sentimita moja hadi mbili. Za mafuta huwa na nafasi ndogo zaidi, na kitabu cha gari kinataja kipimo. Kama hakuna nafasi kabisa, ni sawa na kwamba kuna mguu wa mtu umelala juu ya klachi mchana na usiku. Kwenye gari za waya hili hutokea lenyewe, kwa sababu disiki ikiisha vidole vya springi vinarudi nyuma na kula ile nafasi. Unalegeza nati ya waya, na ukiwa na bahati klachi inashika tena bila senti moja. Lakini kama nati imeshafika mwisho wa kulegezwa, disiki imekwisha, usijidanganye.

Kwenye gari za mafuta, kama yangu, mfumo hujirekebisha wenyewe, kwa hiyo pedali kushikia juu si ushahidi mkubwa sana. Kuna ushahidi mwingine ambao wengi wanausoma kinyume: kikopo cha mafuta ya klachi. Kwenye breki, pedi zikiisha mafuta yanashuka. Kwenye klachi ya kawaida ya aina hii, disiki ikiisha pistoni ya chini inasukumwa ndani, na mafuta yanapanda kidogo. Kwa hiyo kikopo kikipungua ni uvujaji, na ugonjwa wake huwa mwingine: gia zinagoma kuingia, rivasi inakwaruza, pedali inazama. Hiyo ni klachi isiyoachia. Yetu ya leo ni klachi isiyoshika. Nimeona mtu ameuziwa disiki mpya kwa ajili ya mafuta ya dola nane.

Mzee akafungua boneti, akaonyesha kidole. Kila kitu mle ndani kilikuwa na kutu na vumbi, isipokuwa masta silinda ya klachi iliyokuwa inang'aa.

"Hii mpya. Nani aliiweka?"

Sikujua. Aliyeniuzia alishahama. Mzee akaniambia niiname chini ya dashibodi nibonyeze pedali kwa kidole. Nafasi hakuna, hata unene wa shilingi. Aliyefunga ile silinda alikuwa ameikaza fimbo ya pedali ikawa ndefu mno. Pistoni haikurudi mpaka mwisho, na kile kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kikopo kilikuwa kimezibwa nayo. Asubuhi gari ikiwa baridi, hakuna shida. Baada ya saa tatu za haiwei, mafuta yale yamepata joto la injini, yametanuka, na hayana njia ya kurudi. Yanakwenda kuisukuma rilizi beringi. Klachi inajikanyaga yenyewe. (Na mimi ndiye ninayesomea joto! Mzee alicheka sana nilipomwambia.)

Alinionyesha namna ya kulithibitisha hilo kabla ya kugusa fimbo. Tuliiendesha hadi ikapata moto na kuanza kuteleza, tukasimama, tukazima injini, tukafungua ile nati ndogo ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, robo mzunguko tu, tukafunga. Mafuta yakaruka kidogo bila mtu kugusa pedali. Tukaendesha tena: haikuteleza. Klachi iliyoisha ukaya haiponi kwa kufungua nati. Vaeni miwani mkifanya hivyo, mafuta ya breki yanaumiza macho na kubandua rangi. Na kama silinda yako haifikiki mpaka kuingia chini, usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Baadhi ya gari zina silinda hiyo ndani kabisa ya giaboksi, hizo mwachieni fundi.

Tukalegeza nati ya fimbo kwa spana, tukaipunguza mizunguko michache mpaka nafasi ikarudi, tukafunga. Dakika arobaini, pamoja na chai. Jumapili nilirudi Arlington na abiria wangu watatu, vilima vya Huntsville nikavipanda namba tano.

Sitaki mdhani ulikuwa muujiza. Disiki ilikuwa imeshaungua. Ilinipa miezi saba, nikapata muda wa kudunduliza, kisha ikaanza tena kuteleza hata ikiwa baridi, na safari hii pedali ilikuwa na nafasi yake sawasawa. Hapo hakuna ujanja, giaboksi inashuka. Na ikishashuka, gharama kubwa ni ile kazi ya kushusha, kwa hiyo badilisha disiki, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, na umwambie fundi aitazame flaiwili kama imepasuka au kuungua, pia ile sili ya nyuma ya krankishafti. Ukiona mafuta yanadondoka pale injini inapoungana na giaboksi, na gari inatetemeka ikiondoka, ujue sili ndiyo iliyoua klachi. Ukiweka disiki mpya bila kuiziba utarudi mwakani.

Kwa wanaotafuta gari ya kununua: tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imeondoa ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi. Kaunti za Dallas, Tarrant, Denton, Collin na Harris bado zinapima moshi, lakini moshi hauwezi kukwambia habari za klachi, na hata ukaguzi wa zamani haukuigusa. Yadi inalazimika kubandika dirishani karatasi inayosema kama kuna garanti au gari inauzwa ilivyo. Mtu binafsi halazimiki kubandika chochote. Kwa hiyo omba uiendeshe angalau nusu saa mpaka ipate moto, ndipo ufanye kipimo cha namba tano. Anayekukubalia kuzunguka mtaa mmoja tu, mshukuru uondoke.

Na foleni. Mnaokaa Houston mnajua habari za Septemba 2005, kimbunga Rita kilipokuja wiki chache baada ya Katrina, watu zaidi ya milioni mbili wakakimbia eneo lile, na hiyo hiyo 45 ya kwenda Dallas, ambayo ni mwendo wa saa nne, ikawachukua wengine zaidi ya saa ishirini. Kwa mwendo wa namna ile, mguu uliolala nusu kwenye klachi ni adui. Acha nafasi mbele yako ijae, sogea mara moja, weka gia huru, toa mguu. Watu nyuma watapiga honi. Wapige.

Disiki yangu ya zamani niliomba nirudishiwe. Vichwa vya ribiti vimetokeza, na upande mmoja unang'aa kiasi cha kujitazamia. Anayetaka kuiona kwa macho aje, iko juu ya kabati la vitabu, ila apige simu kwanza, maana wikendi nyingi niko Houston kwa mzee.